Sumbawanga Yenye Minazi

Majina nimeyaacha. Asije mtu akasema bibi kazeeka, kasahau. Ninayakumbuka yote: la mwalimu aliyenifundisha kuandika "baba" na "kuku", la mtoto wa nne wa jirani yangu aliyehamia Mpanda, la fahali aliyemkanyaga shemeji yangu, na la kila mwigizaji aliyepita kwenye tivii ya saloni ya mjukuu wangu, pamoja na yule aliyekuwa mtumishi wa ndani kwenye tamthilia moja, halafu kwenye nyingine akatokea ni daktari wa upasuaji, wala hatukuambiwa alisoma lini. Lakini haya ninayoandika yanagusa wakwe, na mkwe hatajwi ovyo. Atakayejitambua humu ajitambue mwenyewe, kimya kimya.

Kazi yangu tangu miguu ilipokataa shamba ni kuhukumu filamu. Hakuna aliyeniajiri. Saloni ya mjukuu wangu iko Majengo, kati ya duka la misumari na fundi redio, na ukutani ana tivii kubwa kuliko dirisha. Mimi nina kigoda changu karibu na drayeri, ungo wa maharage mapajani. Natoa mawe, natazama. Mtu akija kusuka rasta anakaa saa nne, saa tano, hana pa kukimbilia. Anatazama anachowekewa na anasikiliza ninachosema. Wapo wanaokuja siku nikiwepo kwa makusudi. Wapo wanaosubiri siku nisiwepo, nao nawajua majina.

Shujaa wa filamu za ngumi namtambua kabla hajafungua mdomo: ni yule mwenye shati jeupe. Atapigwa na watu kumi na wawili, ataanguka topeni, atapita dirishani bila kufungua, na shati litabaki jeupe. Mimi nauliza, "Linafuliwa na nani?" Wateja wanacheka. Sijachekesha, nimeuliza. Nimefua mashati ya mwanamume mmoja maisha yangu yote ya ndoa, na yule alikuwa anapigana na magugu tu.

Tajiri wa tamthilia kazi yake ni kushuka ngazi. Asubuhi anashuka ngazi, anasema "Nina kikao," anapanda gari. Jioni anapanda ngazi. Kikao chenyewe hatujaonyeshwa hata siku moja, mimi nahisi anakwenda kulala mahali. Na msichana maskini anayempenda huyo tajiri ana kucha ndefu kama za mwewe, anaosha sufuria zisizo na masizi, analia machozi mawili, moja kila jicho, na wanja hauchuruziki. Akilazwa hospitali ndiyo anazidi kupendeza. Mimi nililazwa wiki mbili hospitali ya misheni kwa ajili ya nyonga. Mjukuu wangu alipokuja kuniona alinipita, akaenda kumsalimia bibi wa kitanda cha pili.

Kuna na zile za nchi za mbali, anazozitafsiri kijana mmoja kwa kupiga kelele juu ya sauti za wenyewe. Mwanamke kwenye filamu amefiwa na mama yake, amelala juu ya jeneza, na kijana anasema, "Mambo vipi washikaji zangu wa stendi, nawaona, poa sana!" Kisha anarudi kwenye msiba.

Siku moja mteja alinichoka. Alikuwa amesukwa nusu kichwa.

"Bibi, hii ni filamu tu. Iache iende."

"Na hizo ni nywele tu," nikamwambia. "Mbona umemfumulisha mwenzako mara mbili, unasema hazijalingana?"

Msidhani nilianzia kwenye tivii. Mimi nilisoma darasa la watu wazima, kwenye ghala la kijiji upande wa Kaengesa, tumekalia magunia, mtoto mgongoni. Nilipomaliza, mwalimu wetu alikuwa anahama, akaniachia vitabu vitatu vya hadithi. Nilikuwa namsomea mume wangu shambani, tukipumzika mchana baada ya kupalilia ulezi. Yeye hakujua kusoma, ila alijua kusikiliza, na hiyo ni elimu ambayo wasomi wengi wameikosa.

Kitabu kimoja kilikuwa cha mpelelezi. Kwa kurasa kumi alikuwa ameshafika miji mitatu, na kila mji mwanamke alimpenda kabla hajamaliza chai.

"Ana mke huyo?" mume wangu akauliza.

"Hawajasema."

"Ana shamba?"

"Hawajasema."

"Basi mwache apeleleze. Muda anao."

Kingine kilikuwa cha mkulima bora. Alifuata ushauri wa bwana shamba, akapanda kwa mstari, na ukurasa wa mwisho akaezeka nyumba bati. Mume wangu naye alipanda kwa mstari, ushauri ule ule, na ngedere wakashuka mlimani wakala kwa mstari. Nikamwonyesha kwamba kwenye kitabu kizima hakuna ngedere hata mmoja. Akasema, "Ngedere wetu hawakukisoma." Sijakutana na mhakiki kumzidi.

Huyo mume wangu alipigwa na radi. Mwezi wa kwanza, saa nane mchana, akiwafungua maksai. Sisi wa huku juu radi tunaijua kama watu wa bondeni wanavyomjua mbu. Shule wamefunga nyaya za shaba, kanisa wamefunga. Shamba la mtu nani atalifunga? Padri alimzika, majirani walilia, mimi nililea. Hilo nimelitaja kwa sababu wapo waliokuja kulifukua.

Sasa, mjukuu wangu huyu wa saloni alipata mchumba. Kijana mpole, anapandisha mchele kutoka Mtowisa kuja kuuza hapa mjini. Kwao ni wafugaji, Wasukuma waliohamia bonde la Rukwa na ng'ombe zao tangu baba yake akiwa mtoto. Sikuwa na neno. Mjukuu wangu ana miaka ishirini na nane na alishakataa wanaume wawili, mmoja kwa ushauri wangu, kwa kuwa alikuwa anashuka ngazi tu. Huyu anafanya kazi inayoonekana. Barua ya posa ilikuja, ikajibiwa, kikabaki kikao cha ndugu kuja kujitambulisha. Na kabla ya kikao hicho, filamu ikatoka.

Jina lake silitaji, nalo nalikumbuka. Waliileta kwenye simu, wakaihamishia kwenye tivii, saloni ikajaa mpaka wasiosuka. Imeanza na kibao kimeandikwa SUMBAWANGA kwa rangi nyekundu inayochuruzika, na nyuma ya kibao, minazi mitatu.

"Simamisha," nikasema.

Mjukuu akasimamisha.

"Ile ni nini?"

"Minazi, Bibi."

"Iko wapi?"

"Sumbawanga."

"Endelea."

Nimeishi Ufipa tangu kuzaliwa. Nimeona mikaratusi, misindano, miparachichi, mipichi. Mnazi nimeuona kwenye kalenda. Na watu wa Sumbawanga ile walikuwa wanatokwa jasho, wamevaa kanga moja kifuani, wakati sisi hapa mwezi wa sita tunalala na sweta mbili na bado tunalaumiana nani kaacha mlango wazi. Bibi wa filamu alivaa kaniki na hirizi nyingi kama funguo za mlinzi. Akisema, lafudhi yake si ya Kifipa wala si ya jirani zetu. Nadhani alimwiga mtu mwenye kikohozi. Usiku anapaa na ungo mpaka mjini Pwani, anarudi alfajiri. Mimi nikatazama ungo wangu, nikatazama maharage. Nikasema, kama tulikuwa na usafiri huo, ile miaka yote ya kukaa siku mbili njiani kwenda Mbeya, tukishuka kusukuma basi topeni na watoto migongoni, tulikuwa tunasukuma kwa raha gani? Na wazee wetu walituambia hata jina la mji ni onyo kwa mgeni, kwamba utupe uchawi wako nje kabla hujaingia. Watengenezaji walisikia nusu.

Saloni ilicheka mpaka mwenye drayeri akajiunguza sikio.

Halafu ikaja sehemu ambayo sikucheka. Wakwe wa mjini wamefika kwa bibi. Bibi anapiga magoti, anakunja viganja, anapiga makofi polepole. Kofi la kwanza, kiza. La pili, ngurumo. La tatu, radi inashuka inamuua bwana harusi, na mnazi mmoja unaungua, angalau hapo filamu ilileta faida.

Mniwie radhi niwaeleze wasio wa huku. Kwetu ukimsalimu mtu wa heshima unashuka chini, unapiga makofi ya taratibu, viganja vimeinama kidogo ili sauti itoke nzito, isifanane na ya kushangilia mpira. Nilifundishwa hivyo kabla sijafundishwa kunawa. Nimempigia hivyo baba mkwe, nimempigia padri, nimempigia hata mwenye kunitibu nyonga. Watu wa filamu walikosea miti, wakakosea nguo, wakakosea baridi, wakakosea lafudhi. Kitu kimoja tu walikipata sawasawa, tena mikono ilikuwa imekunjwa vizuri kuliko ya mkwe wangu, mke wa mwanangu, na hicho kimoja ndicho walichokipa uchawi.

Mwisho shujaa anakuja. Shati jeupe. Ana dumu la petroli na mstari wa Biblia, anaichoma nyumba na bibi akiwa ndani. Muziki, kijiji kinaruka, saloni nzima ikashangilia. Wafipa watupu.

"Mnamshangilia nani?" nikauliza.

"Shujaa, Bibi!"

"Kafanya nini?"

"Kammaliza!"

"Kammaliza nani?"

Drayeri ndiyo iliyokuwa inaongea.

Siku ya tatu mshenga akapiga simu. Filamu ilikuwa imefika Mtowisa kabla ya mbolea. Kwenye kibanda cha video walijaa mpaka wa nje wakatazama kwa matundu, na shangazi wa kijana, ambaye alikaa mbele, alitoka na swali: huyo bibi harusi babu yake alikufa kwa ugonjwa gani? Na mtu mwenye mdomo alimjibu kwamba ni radi.

Mjukuu wangu alinijia nyumbani, akakaa sakafuni, akawa anafumua uzi wa mkeka wangu.

"Bibi."

"Sema, mke mwenzangu. Mkeka haujakukosea."

"Jumamosi wakija, usipige makofi."

"Nisiwasalimie wageni?"

"Uwasalimie kwa mdomo. Karibuni, za safari, imetosha. Kama watu wa mjini."

"Wanaogopa nitawaangushia mnazi?"

Nilitegemea acheke. Yeye huwa wa kwanza kucheka. Akaendelea kufumua.

"Shangazi yake amesema akiona dalili moja tu wanaondoka. Ni yeye aliyemlea, Bibi. Akisema hapana, imeisha. Nami nampenda."

Nilikuwa na maneno mengi, mtu anayekaa na filamu miezi kumi na mbili hakosi maneno. Nikayameza. Nikamwambia mikono nitaifunga kwenye kitenge. Mama yake, ambaye ni mkwe wangu, akaongeza lake kutoka jikoni: kwamba mgongo wangu ukiuma siku hiyo, nikabaki kulala, watu wataelewa. Nikamjibu mgongo wangu mzima, na Jumamosi utakuwa mzima pia.

Jumamosi mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Sebule ya mwanangu ilipambwa vitambaa kila mahali penye kona, tivii imewashwa, kwaya inaimba ili wageni waone sisi ni watu wa kanisa. Mimi nilikaa kiti cha pembeni, mikono ndani ya kitenge, kama mtu aliyeiba mayai. Mjukuu alikuwa chumbani, kama ilivyo, akisubiri kuitwa.

Wakaingia. Baba mkubwa wa kijana, mrefu, kofia mkononi. Shangazi. Kijana mwenyewe na mshenga. "Karibuni," nikasema, "za safari?" Kwa mdomo, kama watu wa mjini. Shangazi akanijibu huku akitazama kitenge changu, pale palipotuna. Nadhani mikono iliyofichwa ilimtisha kuliko ambayo angeiona. Akakaa karibu na mlango, mkoba mapajani.

Kila kitu kingeenda vizuri. Lakini walikuwa wamekuja na mtu ambaye hatukutajiwa. Nyuma yao kabisa, ameshika mlango, miguu imekufa ganzi kwa safari ya kupanda mlima, akaingia bibi yao, mama wa baba mkubwa na shangazi. Mzee kama mimi, pengine kunizidi. Kitambaa kichwani, macho mekundu, anahema. Mgeni wa umri ule kafika mlangoni kwangu. Nilipojitambua nilikuwa tayari nimeshuka sakafuni, nyonga na yote, kitenge kimefunguka, viganja vimekunjwa.

Kofi la kwanza.

La pili.

La tatu, umeme ukakatika.

Kwaya ilikatikia katikati ya aleluya. Shangazi aliruka, soda ikamwagikia kitambaa alichofuma mkwe wangu miezi miwili. Baba mkubwa akasimama wima kama aliyeitwa mahakamani. Mshenga akacheka peke yake, halafu akagundua yuko peke yake.

"Ni kawaida," mwanangu akasema haraka, "mvua zikianza huwa unakatika. Kaeni, tafadhali."

Jirani akapiga kelele nje, nikamshukuru Mungu kwa ajili yake kwa mara ya kwanza: "Na kwenu umekatika?"

"Umekatika!" mwingine akajibu. "Mtaa mzima!"

Nikasema moyoni, haya, wamesikia. Shangazi akamwinamia kaka yake, akanong'ona kwa sauti ya kufika barabarani: "Mtaa mzima!"

Hapo nikaelewa kwamba nimekwisha. Mwenye kuzima balbu moja ni fundi. Mwenye kuzima mtaa ni mkuu wa kazi.

Aliyetuokoa hapo ni yule bibi. Yeye hakuwa ameona filamu. Hatazami tivii, inamuumiza macho. Hakuona sababu ya kuruka. Akanipa mkono nisimame, ingawa yeye ndiye aliyehitaji wa kumshika, tukainuana hivyo hivyo, tukakaa kochi moja. Wengine wakawa wanatafutiana kitambaa cha kufutia soda.

"Magoti na sisi tunapiga," akaniambia taratibu. "Makofi ndiyo hatuna. Yana maana gani?"

"Karibu," nikasema. "Basi."

"Mbona hawa wameruka?"

Nikamweleza filamu, kwa kifupi, minazi nikaiacha. Alisikiliza mpaka kwenye dumu la petroli. Akajifuta macho na ncha ya kitambaa. Yalikuwa mekundu ya moshi, moshi wa miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe kule kusiko na kuni.

"Kumbe kwenu ni mikono," akasema. "Mimi nilikotoka walitazama macho: mekundu, basi mchawi. Tuliondoka na ng'ombe alfajiri. Huyu," akamwonyesha baba mkubwa kwa kidevu, "alikuwa na miaka tisa. Alibeba kuku."

Sijui kama baba mkubwa alisikia. Alikuwa amekaa, amekohoa, anaanza hotuba. Na alikuwa mzungumzaji mzuri, siwezi kumnyima haki yake. Akashukuru mapokezi. Akasema familia ni ya heshima, binti amelelewa. Akasema harusi itafungwa kwao bondeni. Halafu akageukia upande wangu bila kunitazama.

"Bibi yetu tusimchoshe. Barabara ya kushuka ni mbovu, mmeiona mvua. Na joto la kule si la watu wa huku juu. Yeye abaki apumzike, atuombee, tutamletea picha."

Nimeona wabaya wengi kwenye tivii. Wanacheka kwa sauti, wanapaka nyusi. Wale wa kweli wanakuonea huruma. Na la kuniuma zaidi: mwanangu, niliyemnyonyesha, akasema, "Tunashukuru sana kwa kuliona hilo." Mkwe wangu akatikisa kichwa kukubali, uso umemng'aa kama aliyepokea zawadi. Nilihukumiwa, na kwetu wakatoa shukrani. Mimi mwenyewe nikasema, "Ni kweli, barabara mbovu." Nilisema. Nilikuwa nimeahidi, na nilimwona kijana ameinamisha kichwa, na nilijua chumbani kuna mtu anasikiliza ambaye ndoa yake iko mdomoni mwangu. Picha wataniletea. Nitazihukumu.

Ikabaki desturi ya mwisho. Binti anaitwa, anaulizwa kama wageni anawafahamu. Akisema ndiyo, mambo yamekwisha. Tulikuwa tumemfundisha: aingie, apige goti kidogo, "shikamooni," ajibu ndiyo, arudi.

Akaitwa.

Alitoka amevaa gauni la kijani alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, kichwa kimesukwa vizuri, hajamtazama mtu. Akampita baba yake. Akampita mchumba. Akaenda mpaka mlangoni, mbele ya shangazi, akashuka chini kabisa, gauni na yote, kwenye soda iliyomwagika. Akakunja viganja. Mimi mwenyewe nilimfundisha akiwa na miaka minne, na tangu aingie mjini sikuwahi kumwona akipiga. Kofi la kwanza, la pili, la tatu, nzito, polepole, kila moja likangojwa liishe. Shangazi alikuwa ameubana mkoba kifuani kama mtoto. Hakuna kilichoanguka. Akaenda kwa baba mkubwa, akapiga vilevile. Akaenda kwa bibi yao, akapiga.

"Binti," mshenga akauliza, "wageni hawa unawafahamu?"

"Nawafahamu," akasema, bado yuko magotini. "Yule ndiye niliyemkubali. Nimesikia pia habari ya barabara, baba mkubwa. Nakushukuru. Ila kama ni mbovu kwa bibi yangu, basi hata kwangu ni mbovu. Sitaweza kuja kuolewa."

Mama yake akashika kifua. Mwanangu akaita jina lake, kwa sauti ile ya kumwonya mtoto aliyekaribia moto. Yeye hakugeuka. Nikajua hachezi. Alikuwa ameweka kila kitu pale sakafuni, na hakuwa na uhakika wa kurudishiwa.

Kijana akainua kichwa. Nilitegemea aseme neno, mashujaa huwa wanasema neno wakati kama huo. Yeye alitoka alipokaa, akapiga goti kando ya mjukuu wangu, akajaribu kupiga makofi. Alipiga kama mtu anayeua mbu. Lakini alipiga.

Baba mkubwa alitazama juu, balbu bado imezima. Akamtazama dada yake. Mwisho akamtazama mama yake, na huyo mama alikuwa anamngoja kwa yale macho mekundu muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "tafuta gari lenye kiti cha mbele."

Baba mkubwa akaizungusha kofia mkononi, mara moja, mara mbili.

"Litapatikana, mama," akasema.

Lilipatikana. Kiti cha mbele tulikalia wawili, mimi na yule bibi yao, aliyepanda tena mlima kunichukua, tukimbana dereva, tukishikana kila gari lilipotaka kutumwaga korongoni. Barabara ilikuwa mbovu, hilo baba mkubwa hakudanganya. Na joto la Mtowisa nililikuta kama alivyosema. Sweta niliivua katikati ya mteremko, na kufika chini nilitamani niwe na kanga moja kifuani kama watu wa ile filamu.

Shangazi alitupokea uani. Alikuwa amebeba ungo wa mchele kwa mikono miwili, ameukumbatia, asije akalazimika kuitikia salamu yangu kwa mikono. Nikashuka garini, nikasimama mbele yake. Sikuwa na haraka, harusi ilikuwa kesho yake.

Nikamsubiri autue.